Kikohozi cha Mkwe

Kabla ya kuingia uani pa mtu, Tabibu-Mguu alikohoa.

Hakikuwa kikohozi cha maradhi. Kilikuwa kile cha mzee wa heshima anayekaribia nyumba ya watu: anakohoa mara moja, ananyamaza kidogo, anakohoa tena, ili aliyevaa nusu amalizie nguo na aliyekuwa akimsengenya abadilishe mazungumzo. Baada ya hapo ndipo akapanda ngazi za udongo kwa miguu yake sita, mmoja baada ya mwingine, mwili wake wenye ukubwa wa ndama ukiwa umetulia juu kana kwamba chini hakuna utelezi. Mvua ya Rungwe ilimwagika mgongoni mwake na yeye hakujali.

"Ugonile, mwenzangu," alisalimia. "Ule mguu bado unauficha chini ya blanketi kama mtoto aliyeiba sukari?"

Mzee Ambakisye, aliyekuwa ameketi barazani, alicheka mpaka akashika mbavu. Huyu ndiye mzee aliyewahi kumfukuza muuguzi kwa fimbo hadi barabarani, na muuguzi akaacha kiatu. Sasa aliunyoosha mguu mwenyewe. Kinusio, chombo kidogo mfano wa pua ya panya, kilichomoza ubavuni mwa mashine, kikanusa kidonda, kikanusa na pumzi ya mzee, na kwa pumzi hiyo kikajua sukari ya damu yake imefika wapi bila kumtoboa kidole. Tumbo la mashine likafunguka, mkono mwembamba ukatoka na bendeji.

"Kidonda kinapona," alisema Tabibu-Mguu. "Ila pombe ya jana nimeisikia. Hiyo tutaiongea siku nyingine, mkeo akiwepo."

"Aa, Mzee! Hayo ya mke wangu yametoka wapi tena?"

Mzee. Ndivyo kijiji kizima cha Ndobosya kilivyoiita mashine ile, na hakuna aliyekuwa akitania.

Mbali kidogo, jijini Mbeya, katika ghorofa ya juu ya Kituo cha Uratibu wa Afya, Mhandisi Subilaga Mwakalobo aliyatazama hayo yote kwenye ukuta wa kioo. Alikuwa na kiti kizuri, lakini tangu asubuhi hakukikalia. Alikwenda dirishani, akarudi, akashika kikombe cha chai, akakiweka bila kunywa, akaenda tena dirishani ambako hakuna alichokuwa akikiangalia.

"Kaa chini, Mnyakyusa," alisema Dakta Msigwa, daktari wa zamu, bila kuinua macho. "Unanizungusha kichwa. Au kiti cha serikali kina upupu?"

"Kuna kitu kinakimbia, Dakta."

"Wapi?"

"Ndobosya. Njoo uone."

Tuseme kwanza mambo yalivyokuwa, maana bila hayo wasiwasi wa Subilaga hauwezi kueleweka. Matabibu-Mguu wote wa nyanda za juu waliendeshwa na ubongo mmoja, akili unde iliyoitwa Mratibu. Mratibu ndiye aliyejua nani ana kifua kikuu na nani ameacha dawa, mjamzito gani wa mlima gani yuko mwezi wa ngapi, kitanda kipi hospitalini kiko wazi, na ndege-nyuki gani ipeleke damu wapi. Zamani mgonjwa wa Ndobosya alibeba maradhi yake mgongoni kutoka ofisi hadi ofisi kama mzigo wa viazi. Sasa Mratibu alimbebea.

Lakini Matabibu-Mguu wa kwanza walishindwa vibaya. Walikuja na sauti ya binti wa mjini, laini, iliyopigwa pasi, na watu wakafunga milango. Nani atamweleza siri za tumbo lake mtangazaji wa uwanja wa ndege? Hapo Subilaga akatoa wazo lililompatia jina: mashine ije na sauti ya nyumbani, ya mtu ambaye kijiji kinamwamini tayari. Na mtu huyo alimjua. Alikuwa baba yake.

Mzee Anyosisye Mwakalobo alikuwa mpatanishi wa Ndobosya. Ndugu waliogombea mpaka walimwendea yeye kabla ya mahakama, na msiba ambao hakusimama kuzungumza ulionekana haujakamilika. Alipokuwa kitandani hospitalini, mapafu yakimwishia, Subilaga alimwekea kinasa sauti kifuani. "Chukueni," alisema mzee. "Chukueni na kikohozi, nacho ni changu." Akafa. Sauti yake ikasukwa ndani ya akili ya Tabibu-Mguu wa Ndobosya, na sheria ya sauti za marehemu ikatimizwa kama ilivyoandikwa: rekodi zote za asili zilifutwa, na mjane akatajwa kuwa mrithi wa sauti, mtu pekee mwenye neno la mwisho juu yake.

Tangu matanga, Subilaga hakuwa amekanyaga nyumbani. Aende kufanya nini? Baba yake alikuwa ukutani hapa kila siku, akitania wagonjwa.

"Angalia," alimwambia Dakta Msigwa. Aligusa ukuta, na picha ya jicho-joto ikatokea, ile inayoona miili kwa joto lake hata nyuma ya migomba. Nyumba ya kwanza: Tabibu-Mguu anakohoa, na doa la joto linatoka mlango wa nyuma na kuingia migombani. Nyumba ya pili: kikohozi, doa linatoka. Nyumba ya tatu vilevile. Juu ya kila doa Mratibu ameandika neno moja: MIFUGO.

"Mbuzi," alisema daktari. "Wanaogopa mashine."

"Mbuzi gani anayesubiri kikohozi ndipo atoke? Na anayefungua komeo?"

Dakta Msigwa aliweka kalamu chini.

"Kuna jingine," Subilaga aliendelea, akitembea tena. "Migongo yote ya milima inayozunguka ina wajawazito wa kutosha. Ndobosya karibu hakuna. Mratibu ameandika wanawake vijana wamehamia mjini. Wote? Wamehama, na wamemuaga nani?"

Alimpigia kaka yake. Gwamaka alikuwa fundi wa treni ya umeme ya kwenda Zambia, na wakati huo alikuwa ng'ambo ya mpaka, nyuma yake kukisikika filimbi.

"Mkeo yuko wapi?"

"Tupokigwe? Yuko kwa mama, atakuwa wapi tena na tumbo lile?"

"Tumbo lipi?"

Gwamaka alicheka kwa aibu. "Dada, mimba haitangazwi redioni. Ungekuja nyumbani ungeiona. Imebakiza kidogo tu. Lakini si Mzee anampima kila akipita?"

"Hana rekodi yake, Gwamaka. Hata moja. Kwa Mratibu mkeo hayupo Ndobosya."

"Haiwezekani. Jana tu nimemwambia, Mzee akija mweleze hicho kichwa. Kinamuuma tangu juzi, miguu imevimba hata ndala haziingii, na anasema anaona vimulimuli mchana."

Dakta Msigwa alikuwa ameshasimama. "Kifafa cha mimba kiko mlangoni," alisema kwa sauti ya chini. "Akianza kutetemeka kule mlimani tutampoteza, na mtoto. Anahitaji sindano ya magnesiamu sasa hivi."

Tabibu-Mguu alikuwa nayo tumboni mwake. Ndege-nyuki zilikuwa chini, ukungu ulikuwa umeilalia Rungwe yote. Gari la wagonjwa lilianza kupanda kutoka Tukuyu, lakini barabara ile kwenye mvua ile ilijulikana. Zahanati ya Ndobosya? Ilifungwa mwaka Tabibu-Mguu alipoanza kazi, kwa kuwa ilionekana haina haja tena, na sasa ilikuwa ghala la viazi. Kwa hiyo yule wa miguu sita ndiye pekee aliyekuwa karibu. Subilaga akamwamuru aende nyumbani kwa mama, mbio.

Ukutani aliiona nyumba waliyozaliwa, bati likitoa mvuke, mgomba wa ndizi mshale karibu na jiko. Aliona Tabibu-Mguu akipunguza mwendo langoni, kama alivyofundishwa.

Akakohoa.

Mlango wa jiko ulifunguka na doa la joto likatoka. Safari hii Subilaga alililazimisha jicho-joto likaribie, na doa likawa mwanamke, mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine ukishika kanga kichwani, akienda kwa kuchechemea kuelekea migombani kwenye mvua.

"Mwanangu, usiogope," Tabibu-Mguu alimwita, akimfuata taratibu, kwa upole uleule uliokuwa umewashinda wazee wote wa Ndobosya. "Nina maswali machache tu. Mara ya mwisho kuiona damu yako ya mwezi ilikuwa lini?"

Tupokigwe aliongeza mwendo.

"Anakimbia nini?" Subilaga alifoka. "Nipe mimi niongee naye!" Akavaa kipaza sauti, akafungua njia ya mashine. "Wifi! Wifi, ni mimi, Subi! Simama!"

Sauti iliyotoka migombani haikuwa yake. Kila neno lililopita katika Tabibu-Mguu lilisukwa upya kwa sauti iliyomo ndani, hivyo ndivyo alivyomtengeneza, ili waganga kumi tofauti wakiongea kupitia kwake wanakijiji wamsikie mtu mmoja. Yule aliyepaza sauti kwenye mvua, akimwita Tupokigwe wifi, akimwamuru asimame, alikuwa Mzee Anyosisye Mwakalobo. Tupokigwe alijifunika uso wote kwa kanga, akakimbia bila kuona, na miguu ile iliyovimba ikamwangusha ukingoni mwa mfereji.

Subilaga alikivua kipaza sauti kama kitu kinachounguza.

Tabibu-Mguu alisimama hatua chache kutoka kwa Tupokigwe. Sheria ilimkataza kumgusa mgonjwa mwenye fahamu ambaye hajaridhia, na huyu hakuwa ameridhia. "Naomba ruhusa nikupime, mwanangu," alisema. Mwanamke alitambaa kurudi nyuma kwa viwiko.

Simu ya mama iliita kwa muda mrefu.

"Mama, mkweo ameanguka kwenye migomba, kwa nini anakimbia mashine? Anamkimbia nani?"

"Kwani wewe hujui?" sauti ya mama ilikuwa ndogo.

"Sijui nini?"

"Anamkimbia mkwewe."

Ni jambo ambalo kila Mnyakyusa amelisikia, na Subilaga alilisikia, kama mtu anavyosikia habari za njaa ya babu zake. Mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Hali naye, hamtazami, jina lake halitaji. Akimsikia anakuja anampisha, hata kama ni kuingia vichakani, na mkwe mwenye adabu hukohoa mapema ili ampe nafasi ya kupisha. Na si mkwe aliyemzaa mumewe tu, bali na ndugu zake wa kiume na wa rika lake. Ndobosya ilikuwa ya akina Mwakalobo tupu. Hakukuwa na mke kijana pale ambaye Mzee Anyosisye hakuwa mkwe wake kwa upande huu au ule.

"Lakini baba amekufa, mama. Ile ni mashine! Na Tupokigwe amesoma, ana shahada!"

"Nilimwambia hivyo. Akanijibu, mama, kichwa changu kinajua ni mashine, miguu ndiyo haijui." Mama alivuta pumzi. "Na hata kama ingejua. Wewe ungekubali mkweo akuulize damu yako ya mwezi? Akwambie panua miguu nikupime? Kwa sauti ileile?"

Subilaga alikaa. Kwa mara ya kwanza siku ile alikikalia kiti chake, si kwa kupenda. Yeye hakuwahi kuolewa. Kikohozi kile maisha yake yote kilimaanisha baba amerudi, labda na mahindi ya kuchoma mfukoni, na yeye alikuwa akikikimbilia. Katika hesabu zake zote hakuwahi kuwaza kwamba kuna upande wa pili, upande wa wanaokikimbia.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

Mvua ilisikika kwenye simu.

"Ningekwambia ungemwondoa," alisema mama hatimaye. "Kila siku ya zamu yake nilivaa kitenge changu kizuri. Akikohoa pale langoni nilikuwa nimeshaketi. Ananiuliza magoti yanaendeleaje. Nikajiambia, hawa mabinti ni vijana, wana nguvu, watajifungua kama sisi tulivyojifungua. Hata tulipomzika mke wa Ipyana nilijiambia ni amri ya Mungu."

"Mke wa Ipyana? Bupe? Mratibu anasema alihamia mjini."

"Yuko nyuma ya kanisa, mwanangu. Na kichanga chake."

Dakta Msigwa aligeukia dirishani.

"Mama, nisikilize. Sauti haiwezi kuzimwa tu. Imesukwa ndani kama ukindu kwenye mkeka. Nikitaka mashine iongee kwa sauti nyingine lazima ya baba ifumuliwe yote, na ikifumuliwa hairudi. Rekodi hazipo. Na mimi sina mamlaka. Mwenye mamlaka ni wewe, na lazima uiamuru mwenyewe, kwa mdomo, ikiwa mbele yako."

Kisha Subilaga akaona ukutani doa jingine la joto likitoka mlango wa mbele, likiteremka ngazi kwa kushika ukuta, polepole mno. Alitamani kulisukuma. Alizunguka meza, akazunguka tena. Migombani Tupokigwe alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja ukianza kurukaruka wenyewe.

Mama alifika. Kitenge kilikuwa kimeloa na kumng'ang'ania miguuni. Alisimama mbele ya Tabibu-Mguu, simu mkononi ikiwa wazi.

"Mama Gwamaka," alisema Tabibu-Mguu. "Mvua yote hii, na magoti yako hayo?"

Mwanamke mzee aliweka kiganja mdomoni.

"Ninajua," alisema. "Nimetoka mara moja tu." Kisha akakaza sauti, kama mtu anayesoma mbele ya watu. "Mimi, mjane wa Anyosisye Mwakalobo, ninaamuru sauti yake ifutwe."

Mashine ilikuwa na wajibu wa kuuliza. Sheria iliandikwa na watu makini, waliotaka mrithi asije kujuta, na hawakufikiri swali hilo litaulizwa kwa sauti ya nani.

"Ikifutwa hairudi, Mama Gwamaka. Una hakika?"

Mama alimtazama mkwewe pale mfereji ulipo, uso umefunikwa, hata sasa, hata katika maumivu yale, kwa ajili ya adabu.

"Nina hakika. Wamekusumbua vya kutosha, baba. Kapumzike."

Tabibu-Mguu alinyamaza. Taa ya kifuani ikazima, ikawaka.

"Habari," ilisema mashine, kwa sauti ya kiwandani, kavu, isiyo ya mwanamume wala mwanamke. "Naomba ruhusa ya kukupima."

Tupokigwe aliifunua kanga usoni. "Pima," alisema. "Haraka."

Degedege lilimpata mara moja tu, sindano ikiwa imeshaingia, mama amemlaza kichwa mapajani. Gari la wagonjwa liliwakuta hapo, mashine imetandaza paa lake juu yao wote wawili. Hospitalini Tukuyu alipasuliwa, na mtoto wa kiume akatoka akiwa mdogo na mkali, akipiga kelele za kuisumbua wodi nzima.

Subilaga hakuruka kwa furaha. Alikaa mbele ya Mratibu akafungua jina la Bupe, akafuta maneno "amehamia mjini" na kuandika "amefariki, mimba, hakupimwa". Akaanza kuwapitia waliosalia katika orodha ile ya waliohamia mjini, jina kwa jina. Raundi iliyofuata mashine ilipanda Ndobosya bila kukohoa, na nyumba kwa nyumba yale madoa ya mifugo yakabaki ndani, yakaketi, yakanyoosha mikono yapimwe presha. Walikuwa wengi. Mzee Ambakisye naye, aliposikia sauti mpya, alirudisha mguu wake chini ya blanketi na kuuliza mzee mwenzake kapelekwa wapi. Akaambiwa. Akaitafuta fimbo.

"Kwa hiyo tukipata wake tunapoteza wazee," alisema Dakta Msigwa.

"Tufungue zahanati," alisema Subilaga. "Tuweke mtu. Mashine imfuate mtu, si mtu aifuate mashine." Lakini ghala la viazi lilikuwa na mwenyewe sasa, na wakubwa walitaka takwimu, na walikuwa bado wanabishana siku alipoomba likizo akapanda nyumbani.

Alimkuta mama barazani, mtoto mapajani. Jina walimpa la babu yake. Tupokigwe, ambaye jina hilo haliwezi kupita mdomoni mwake, alimwita Bwana Mkubwa, na alikuwa jikoni akipika ndizi, akiimba kwa sauti ya chini.

Subilaga alikaa, akainuka, akakaa tena. "Unanichukia, mama?"

"Nina muda gani wa kukuchukia na huyu anayenyonya chupa hivi?" Mama alimpangusa mtoto shavu. Alikuwa amevaa kitenge cha kawaida. "Ila nimeanza kumsahau, Subi. Sura ninayo kwenye picha. Sauti inanitoka. Usiku najaribu kuikumbuka napata ya redio." Akasita, akatazama pembeni kama msichana anayeomba kitu cha aibu. "Wewe uliisikiliza kila siku. Hebu kohoa kama yeye."

"Mimi?"

"Kwani nani mwingine?"

Subilaga alijaribu, akatoa kitu kama paka aliyekabwa na mfupa. Mama alimcheka waziwazi. Akajaribu tena, ikawa kama mwalimu wa kwaya. Safari ya tatu hakujaribu kuiiga mashine. Alifumba macho, akawa mtoto yuko nyuma ya mlango, anasubiri mahindi ya kuchoma, na kifua chake chenyewe kikashuka mahali pake. Akakohoa mara moja, akanyamaza kidogo, akakohoa tena.

Jikoni wimbo ulikatika. Kigoda kilianguka, mfuniko wa sufuria ukafuata, komeo la mlango wa nyuma likafunguka, na wakasikia ndala zikipiga mbio kuelekea migombani.

Walitazamana. Mama alianza kucheka, mabega kwanza, kisha mwili wote, akamkumbatia mtoto asimwangushe, akacheka mpaka machozi yakamteremka na hayakukoma hata kicheko kilipokwisha.

"Hiyo," alisema, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Hiyo ndiyo yenyewe. Mkimbilie wifi yako umrudishe, ndizi zitaungua."